Bili ya mashine ya kusaga: sanduku la kapasita ninunue au niache?

Swali: "Shikamoo Injinia. Ninasimamia mashine ya familia ya kukoboa na kusaga mahindi, Manzese. Tuna mota mbili za nguvu farasi 75 na moja ya 50. Bili ya mwezi uliopita imekuja na uniti 16,000 na KVA 128, imepita milioni tano hata kabla ya kodi. Fundi mmoja amepima, anasema pawafakta yetu ni 0.72 na tukifunga sanduku la kapasita bili itashuka nusu. Fundi mwingine anasema huo ni utapeli, sawasawa na vile vidude vya kuchomeka ukutani. Na kweli mama anacho kimoja nyuma ya friji. Nimwamini nani?"

Marahaba, binti yangu. Fundi wa kwanza ameijua dawa ila ametia chumvi kwenye matokeo. Wa pili ameona kapasita ndani ya kidude cha mama, akadhani kila kapasita ni ya aina hiyo. Ngoja tuichukue bili yako tuisome pamoja, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Wewe uko kundi la T2, la wateja wa msongo mdogo wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi. Mteja wa T2 analipia vitu viwili vikubwa. Kuna uniti, yaani kazi yote iliyofanyika mwezi mzima: 16,000 mara shilingi 195, unapata 3,120,000. Halafu kuna KVA, yaani mzigo mzito kuliko yote uliowahi kuutwisha mtandao ndani ya mwezi huo: 128 mara shilingi 15,004, unapata 1,920,512. Jumlisha, ndiyo hiyo milioni tano na ushee. Kapasita inagusa huo mstari wa KVA. Ule wa uniti inaupapasa tu. Na kwa kuwa KVA yote ni chini ya asilimia 40 ya bili yako, hata ingefutwa yote usingefika nusu. Kwa hiyo hiyo "nusu" ifute kichwani kabla hatujaendelea.

Jirani yako mwenye saluni au duka, aliye kundi la T1, halipii KVA hata moja. Anahesabiwa uniti basi. Huyo akiuziwa sanduku la kapasita apunguze bili, amenunua pambo.

Sasa hizo KVA zinatoka wapi? Mota haisagi kwa umeme moja kwa moja, inasaga kwa sumaku. Umeme ukipita kwenye zile nyaya zilizosukwa ndani, sumaku inajengeka, na hiyo ndiyo inayokokota rota izunguke. Kuijenga sumaku kunataka nishati, lakini nishati hiyo hailiwi. Umeme wetu ni mkondo geu wa hezi 50, kwa hiyo sumaku inajengwa na kubomolewa mara 100 kila sekunde, na kila ikibomoka nishati yake inarudi ilikotoka.

Chukua nyumba mbili za uswahilini. Moja haina kinu. Kila wanapotaka kutwanga, mtoto anatumwa kwa jirani. Anakuja nacho, wanatwanga, anakirudisha. Kinu hakijapungua hata chembe. Ila mtoto amechoka, njia imekanyagwa, na wakati amekumbatia kinu hawezi kubeba ndoo ya maji. Mota yako ndiyo nyumba isiyo na kinu. Jirani ni mitambo ya kuzalisha umeme, na njia ni kila waya na kila transfoma kuanzia huko hadi kwenye bodi yako. Uniti ni mahindi uliyotwanga. KVA ni mizigo yote aliyoibeba mtoto, mahindi pamoja na kinu.

Kapasita ni kinu chako mwenyewe. Nayo inaazima na kurudisha nishati mara 100 kwa sekunde, ila zamu yake iko kinyume na ya mota. Mota inapojenga sumaku, kapasita inatema; mota inapoibomoa, kapasita inameza. Ukiziweka karibu zinaazimana zenyewe kwa zenyewe, na njia ya kwenda kwa jirani inabaki kwa ajili ya mahindi. Wataalamu wa lugha wana majina mazuri zaidi ya pawafakta, lakini sijawahi kumsikia fundi akiyatumia juu ya ngazi, kwa hiyo tubaki na hilihili: ni sehemu ya mzigo wote ambayo ni kazi ya kweli. Kwako, kati ya kila KVA 100 unazozivuta, 72 zinafanya kazi.

Tuweke namba. KVA 128 kwa pawafakta ya 0.72 ni kilowati 92 za kazi. Zile za kuazima tunazipima kwa kVAr, na kwako ni kama 89. Utashangaa 92 na 89 kufanya 128 badala ya 181. Ni kwa sababu hazisukumi kwa wakati mmoja; zinajumlishwa kama pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na KVA ndiyo ule upande mrefu wa mshazari. Hesabu ya Pythagoras uliyoiacha sekondari imekufuata mpaka kwenye pumba.

Funga kapasita za kVAr 60. Za kuazima kutoka nje zinabaki 29, kilowati ni zilezile 92, na mshazari unashuka hadi kama KVA 96. Pawafakta inasimama kwenye 0.95. Umepunguza KVA 31 na kidogo, ambazo kwa bei ya bili yako ni kama shilingi 465,000 kila mwezi, asilimia 9 ya ile milioni tano. Kwa mwaka ni milioni tano na nusu na zaidi kidogo. Kwa hiyo fundi akikuletea makadirio ya sanduku, kufunga na kila kitu, na yakawa chini ya hapo, hela yako inarudi ndani ya mwaka. Mimi naona hiyo ni biashara nzuri, ilimradi kipindi cha mavuno mashine zisilale.

Huenda ukashawishika kumalizia hizo kVAr 29 zilizobaki ili ufike 1.00 kamili. Usihangaike. Sitini za kwanza zimekutoa 128 hadi 96. Hizo 29 za mwisho zitakutoa 96 hadi 92. Karibu nusu ya gharama nyingine kwa faida ya KVA nne. Na mzigo ukishuka kidogo tu utavuka ng'ambo, ukawa na vinu vingi kuliko watwangaji, na sasa majirani ndio wanaopiga hodi kwako kuazima. Mita inayosoma KVA haijali kinu kinabebwa kwenda au kurudi. Mzigo njiani ni mzigo.

Kwa nini shirika la umeme likutoze kwa kitu ambacho unakirudisha kizima? Watu wengi wanaona ni uonevu, na mimi nilipokuwa kijana nilidhani hivyohivyo. Angalia transfoma ya mtaani iliyoandikwa 315 kVA. Wateja wake wakiwa na pawafakta ya 0.72, inaweza kuwapa kilowati 227 tu, basi imejaa. Wakiwa na 0.95 inawapa karibu 300. Chuma kilekile, mafuta yaleyale. Isitoshe, waya hupata joto kwa mraba wa ampia. Kwa volti 400, KVA 128 ni ampia 185. KVA 96 ni ampia 139. Ampia zimepungua robo, lakini joto linalopotea njiani kwa sababu ya mzigo wako limepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Na huko mbali zaidi jambo hili linauma kuliko hapa mtaani. Umeme wa Dar es Salaam sehemu unatoka jirani, kwenye mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi, na sehemu unatoka mbali sana, Kidatu, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Kilowati zinasafiri vizuri. Za kuazima hazisafiri vizuri, kwa sababu zenyewe ndizo zinazovuta volti chini kadiri njia inavyorefuka. Ndiyo maana mashirika ya umeme hayasubiri mteja. Hufunga kapasita zao kwenye vituo vya kupozea umeme na hata juu ya nguzo, yale makopo ya kijivu yaliyopangwa safu. Halafu kuna kioja ambacho wanafunzi wangu huwa hawaamini: njia ndefu ya msongo mkubwa, kama ile ya kilovolti 400 ya Rufiji hadi Chalinze, ikiwa na mzigo mdogo yenyewe hugeuka kapasita. Volti inapanda mwisho wa njia, na inabidi ifungwe koili kubwa ya kuimeza. Kwa hiyo usiku wa manane kwenye gridi kuna watu wanapigana na tatizo lililo kinyume na lako.

Turudi Manzese. Kabla hujanunua chochote jiulize kwa nini iwe 0.72. Mota ya nguvu farasi 75 iliyobanwa sawasawa hufikia 0.85 na kuzidi. Ikizunguka bila mzigo inashuka hadi 0.2 au 0.3, maana sumaku inataka mgao wake uleule, mahindi yawepo yasiwepo. Mota zako tatu kwa pamoja zina uwezo wa kilowati 149, na kilele chako ni 92. Maana yake zinafanya kazi kwa nusu ya uwezo na kidogo. Zilinunuliwa kubwa, nadhani kwa ile busara ya "tuongeze kidogo, isije ikachemka". Kuna moja ambayo ingetosha kuwa ya farasi 40? Siku ikiungua usiirudishe farasi 75 ileile. Na muulize mzee kama kuna iliyowahi kusukwa upya nyaya zake kule mtaa wa Gerezani. Pale kuna mafundi wa kusuka mota ninaowavulia kofia, lakini pia kuna anayepunguza mizunguko ya waya ili kazi iishe leo, na mota hiyo itasaga kama kawaida huku ikivuta sumaku zaidi ya ilivyoumbwa kuvuta. Pima ampia zake ikiwa tupu, linganisha na pacha wake. Ikizidi kwa mbali, umempata mmoja wa wakosaji.

Na vijana waache kuziacha zikinguruma tupu wakisubiri mteja ashushe magunia. Ushauri huu ni bure na hauna fundi.

Ukishaamua kununua, soma kibati, kile kibandiko chenye vipimo vya sanduku. Hapa ndipo watu wanapolia. Kapasita hutoa kVAr kwa mraba wa volti. Sanduku lililoandikwa 60 kVAr kwa volti 440, likikaa kwenye volti zetu 400, linatoa kama 50. Lililoandikwa 60 kwa volti 525 linatoa 35. Muuza duka hajakudanganya, kibati kimesema kweli, wewe ndiye hukusoma mstari wa pili. Na jioni volti ikishuka hadi 380, lile la 440 linabaki na 45. Mimi ningechukua la volti 440, kwa sababu linavumilia volti ikipanda ghafla, lakini ningechukua la kVAr 75 ili nipate 62 za kweli.

Lisiwe kipande kimoja. Zamu moja mna mota zote tatu, nyingine inazunguka moja tu, na kapasita zisizopunguzika zitakuvusha ng'ambo. Sanduku la kujiendesha lina vipande, tuseme 5, 10, 10, 25 na 25, na kidhibiti kinachosoma mzigo na kuingiza au kutoa kipande kimoja kimoja. Hakikisha kontakta zake, yaani swichi zinazowasha na kuzima kila kipande, ni za kapasita, zile zenye vinyaya vilivyojikunja kichwani. Kapasita tupu ikiwashwa inagugumia umeme kwa kishindo kwa kufumba na kufumbua, na vile vinyaya ndivyo vinavyopokea kishindo kwanza. Kontakta ya kawaida ya mota itadumu miezi michache, kisha ndimi zake zitagandana na kile kipande hakitatoka tena.

Kidhibiti kinaona mzigo kupitia siti, ile pete inayovishwa kwenye waya mkuu. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Sanduku lilikuwa limefungwa miezi 14, bili haijatikisika, na mwenye mali alikuwa tayari na wakili. Nilifungua mlango nikakuta vitu vyote vipya, hata harufu ya plastiki haijaisha. Kidhibiti kinawaka, kontakta sita zimelala, hakuna hata moja iliyowahi kupiga. Nikaufuata waya wa siti kwa kidole. Pete ilikuwa imevishwa kwenye kebo inayokwenda kwenye sanduku lenyewe, badala ya kebo kuu inayoingia kiwandani. Kidhibiti kilikuwa kinajitazama chenyewe kwenye kioo. Hakioni mota hata moja, basi kinasubiri. Tulizima, tukaihamisha pete hatua moja, tukawasha. Baada ya nusu dakika nikasikia tak. Kisha tak nyingine. Kwenye klampu yangu, ile mita ya kukumbatia waya, ampia zikatoka 310, zikatua 240. Yule bwana hakusema asante, alisema, "Miezi kumi na minne." Nilimwelewa.

Kwa hiyo siku ya kufunga simama pale. Mwambie fundi akuonyeshe pete iko wapi: lazima iwe kwenye waya unaobeba kila kitu, mota pamoja na kapasita, na iwe kwenye fezi iliyotajwa kwenye mchoro wa kidhibiti. Halafu washa mota zote, uone ampia zinashuka kwa macho yako. Usilipe salio kabla ya hapo.

Utasikia pia ushauri wa kufunga kapasita kwenye kila mota badala ya sanduku moja kwenye bodi kuu. Kwa bili ya KVA ni sawasawa, kwa sababu mita iko nje ya vyote. Tofauti ni kebo zako za ndani. Sanduku likikaa kwenye bodi kuu, kebo ya kwenda kwenye mota inaendelea kubeba kinu kama zamani. Chukua kebo ya shaba ya milimita za mraba 35, mita 40, ampia 66: inapoteza kama wati 270 za joto. Kapasita ikikaa kwenye mota yenyewe inapoteza kama 160. Kwa saa 200 za kazi kwa mwezi umeokoa uniti 22, shilingi 4,300 hivi. Huo ndio mpapaso niliousema mwanzo. Na kwa hizo 4,300 unapata matatizo mapya: kapasita ikiwa kubwa kupita sumaku ya mota, ukizima, mota inaendelea kuzunguka, na pamoja na kapasita zinajizalishia umeme zenyewe kwa zenyewe, volti inapanda na inaweza kuunguza vitu. Halafu kama stata zako ni za nyota-delta, zile zinazoamsha mota kwa hatua mbili, zinataka uangalifu wa pekee, na kikata mzigo, kile kinachozima mota ikizidiwa, lazima kipangwe upya kwa sababu ampia kinazoziona zimepungua. Kwa mashine ya ukubwa wako, sanduku moja kwenye bodi kuu linatosha.

Una jenereta? Manzese nzima ina jenereta. Basi kapasita zitoke kabla jenereta haijashika mzigo. Jenereta ndogo ikikutana na kapasita bila mota za kutosha, kirekebisha volti chake kinachanganyikiwa na volti inapanda bila breki. Mwambie fundi aweke kifaa cha kuzikata zenyewe pale swichi ya kubadilishia inapogeuzwa upande wa jenereta. Usitegemee kumbukumbu ya kijana wa zamu ya usiku.

Siku mkinunua draivu ya kubadili kasi ya mota, nijulishe kwanza. Draivu hutema mawimbi ya ziada yanayoitwa hamoniki, na kapasita pamoja na transfoma vinaweza kuyapokea na kuyakuza, kama ngoma iliyowambwa ikajibu ngoma nyingine. Hapo kapasita zinahitaji koili za kuzikinga, na hesabu yake si ya kukisia. Kwa sasa mna mota peke yake, haiwahusu.

Sanduku likae wapi? Mbali na vumbi. Unga ule mweupe mnaouona kama baraka ukiingia kwenye feni ya sanduku unaziba, na kapasita haipendi joto hata kidogo. Februari ya Dar es Salaam ni joto la kutosha bila kuongezewa. Vumbi la unga likiwa jingi hewani linaweza hata kulipuka, kwa hiyo cheche za kontakta zisikae chumba kimoja na mashine ya kusaga. Ziba matundu yote ya kebo. Nimeshakuta mjusi wa ukutani amekauka katikati ya fezi mbili, mkia upande huu na kichwa upande ule, fyuzi tatu zimekwenda naye.

Na kuna moja la kuwaambia watu wote wa pale kwa sauti kubwa: kapasita haizimiki ukizima. Inabaki na umeme tumboni. Kwa viwango vya kimataifa kapasita za msongo mdogo zinapaswa kushuka hadi volti 75 ndani ya dakika tatu kupitia vizuizi vyake vya ndani, lakini vizuizi navyo hukatika. Kidole gumba changu cha kushoto kina alama ya siku niliyokuwa na haraka. Subiri dakika tano, pima kwa mita kati ya fezi na fezi na kati ya fezi na ardhi, ndipo uguse. Asiyekuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asifungue mlango ule.

Ukipelekewa ofa ya kapasita kuukuu zilizotoka kwenye skrepa, kataa hata kama ni za bure. Za zamani zilijazwa mafuta ya PCB, sumu iliyowekwa kwenye orodha ya kuondolewa duniani kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001, na kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Kuvuja kwake karibu na unga wa watu sitaki hata kukufikiria.

Sasa kidude cha mama. Mama yuko kwenye Luku, na Luku inakata uniti, haijui KVA. Hata kidude kingefanya kazi yake barabara, hakuna mstari wa kupunguza. Nilinunua kimoja Kariakoo nikakifungua mezani kwa bisibisi: kapasita ya mikrofaradi tano, vipande viwili vitatu vya kuendesha kitaa, na kitaa chenyewe cha kijani. Mikrofaradi tano kwa volti 230 ni kVAr 0.08. Ungehitaji zaidi ya 700 vya namna hiyo kupata sanduku lako la 60. Kile kitaa cha kijani, ndiyo, kinakula uniti kidogo. Mwambie akichomoe, ila mwambie kwa adabu, maana najua alikinunua kwa nia ya kuokoa hela ya nyumbani. Kama friji inakula sana, apapase mpira wa mlango. Aubanishe na kipande cha karatasi, avute. Ikitoka bila kukaza, hapo ndipo uniti zake zinapotokea.

Wewe anza na ile mota unayoishuku. Pima ampia zake ikiwa tupu, fezi zote tatu, kisha nitumie namba pamoja na picha ya kibati chake na bili za miezi sita. Kama KVA zako zinapanda na kushuka sana kati ya msimu na msimu, huenda lile sanduku la kVAr 75 likawa kubwa mno, tukashuka hadi la kVAr 50.